Siku saba kwenye njia ya maksai, mama siti ya mbele

Kabla ya kuondoka

Wazo lilikuwa langu, nakubali kabisa. Mi ni dereva wa lori, mwaka wa kumi na moja huu napiga haiwei ya 80 kwenda magharibi na kurudi, na pembeni kila baada ya muda unakutana na vibao vya kahawia vimeandikwa Oregon Trail, navipita kila wiki sisimami maana mzigo una saa yake. Usiku nikijinyoosha kwenye kabini nikaanza kusomasoma habari zake, nikakolea. Kwa kifupi ni kwamba kuanzia miaka ya 1840 mpaka reli ilipounganishwa 1869, watu laki tatu na zaidi walitoka upande wa Missouri kwenda magharibi na magari ya kukokotwa na maksai, wengine Oregon, wengine California, wengine Utah. Ya Oregon ni maili 2,000 na ushee, kilomita zaidi ya 3,200, miezi mitano mpaka sita njiani, na wengi walipiga kwa mguu mwanzo mwisho kwa sababu gari limejaa unga.

Basi nyumbani nikawa mhubiri. Mapacha wakilalamika intaneti inakwama nawaambia kuna watoto wa miaka tisa kama nyie walitembea kutoka hapa mpaka bahari ya pili bila hata viatu. Mke wangu akawa akisikia "mwaka 1847" anatoka sebuleni. Alivyokuja mama kutoka Geita kututembelea miezi mitatu nikaona ndo hapohapo, Julai hii tunaipita njia yote, familia nzima, kwenye van letu lenye maili laki na themanini.

Mama ana miaka 71. Nikamweleza vizuri, mama tunaenda kuona njia waliyopita watu na ng'ombe zamani. Akauliza, "Na sasa hivi kuna nini kwenye hiyo njia?" Nikamwambia hakuna kitu mama, ni njia tu. Akaniangalia hivi, akarudi kumenya viazi.

Siku ya 1: Independence, Missouri mpaka Kearney, Nebraska

Tumeanzia Independence maana wengi walianzia hapo. Kitabu kimoja cha mwongozo cha 1845 kiliwashauri kila mtu mzima abebe unga paundi 200, nyama ya nguruwe ya chumvi 150, sukari 20, kahawa 10, chumvi 10. Unga peke yake ni kilo 90 kwa kichwa! Gari lenyewe kiboksi cha upana wa futi 4 na urefu kama 10, juu turubai, sasa weka humo unga wa watu watano halafu uniambie bibi atakaa wapi.

Sisi tumebeba deli la barafu, soda, kuku wa kuchoma, unga wa ugali mfuko mmoja, jiko la umeme la kupikia kwenye moteli (kimyakimya), mito sita, chaja sijui ngapi, waipsi, na hema nililonunua mimi bila kumwambia mtu. Mama kabeba mkoba na kimfuko cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Alikuja nacho toka nyumbani na hajakifungua wiki tatu zote. Namuuliza mama hivi kweli tutakula michembe wakati kuna maduka kila kona, akasema safari ni safari.

Kabla ya kuondoka nikawapitisha mjini nikawapa habari za Hiram Young, mtu mweusi, alizaliwa mtumwa Tennessee, akajinunua mwenyewe uhuru wake mwaka 1847, halafu akafungua karakana hapa Independence akawa anatengeneza nira na magari ya hao wasafiri. Maelfu ya nira. Akawa katika matajiri wa wilaya nzima kabla ya vita ya wenyewe kwa wenyewe. Yaani hii safari inayosimuliwa kila siku ni ya wazungu, shingoni mwa ng'ombe wao kulikuwa na mti uliochongwa na mtu mweusi. Mama alifurahi hapo. Baba yake alikuwa anachonga nira, akaanza kuwaeleza mapacha mti gani unafaa na gani unapasuka, mapacha wana spika za masikioni hawasikii kitu.

Maksai walikuwa wanakwenda maili kama 15 kwa siku, kilomita 24. Tulivyoingia Nebraska barabara ikaruhusu 75 nikawaambia jamani angalieni saa, nikahesabu, dakika 12. Siku nzima ya watu, jua kali, vumbi, watoto wanalia, sisi ni nyimbo tatu. Nikajisikia kama nimeiba kitu.

Siku ya 2: Kearney mpaka Scottsbluff

Mto Platte siku nzima pembeni yetu. Wenyewe walisema upana wake maili moja na kina inchi moja, na maji yake ni mazito mno kunywa ila mepesi mno kulima. Miti hakuna. Sasa bila miti unapikaje? Waliokota kinyesi cha nyati wa huku kilichokauka, wanawake wanakusanya kwenye aproni wanapikia. Nikasimulia hili kwa sauti ya chini kidogo kama mtu anayesimulia jambo la ajabu, na mama kwenye siti ya mbele anaitikia tu ee, ee. "Kikikauka vizuri hakinuki. Tulipikia hicho Meatu miaka yote, kuni zilikuwa mbali." Basi. Mkasa wangu mkubwa wa siku ukaishia hapo.

Na siagi pia. Nilisoma kwamba waliokuwa na ng'ombe wa maziwa walikuwa wanatundika ndoo garini asubuhi, gari linaruka kwenye mashimo siku nzima, jioni wanafunua wanakuta siagi. Hapa mama alicheka mpaka akavua miwani. Yeye kakaa utoto wake wote anasuka maziwa kwenye kibuyu, mkono huu ukichoka unahamia huu, huruhusiwi kwenda kucheza mpaka siagi ijitenge. "Kumbe ningetundika kwa punda!"

Tukapanda Windlass Hill kwa miguu, kilima ambacho magari yalikuwa yanashushwa kwa kamba, magurudumu yamefungwa yasizunguke, watu wanavutia nyuma kama wanamzuia fahali. Mteremko unatisha hata ukiwa mtupu. Halafu mchana tukaiona Chimney Rock, ile nguzo ya mwamba imesimama peke yake kwenye tambarare. Waliokuwa wanaandika shajara safarini karibu wote wameitaja, maana walikuwa wanaiona siku kadhaa kabla ya kuifikia. Sisi tumeiona, tumeifikia, tumepiga picha, Doto kaenda chooni, tumeondoka, dakika 40.

Jioni nikawapeleka kwenye kaburi la Rebecca Winters, nje kidogo ya mji, pembeni ya reli. Mama huyu alikuwa na miaka 50, alikuwa anakwenda Utah na familia yake, akafa kwa kipindupindu Agosti 15, 1852. Wengi waliokufa njiani hawana alama yoyote, ila yeye rafiki wa familia alichukua chuma cha gurudumu la gari, akakichonga jina lake na umri, wakakipinda wakakifukia kama upinde juu ya kaburi. Kile chuma bado kipo. Unakigusa kabisa. Herufi zimechongwa kwa mkono usiku mmoja na mtu ambaye sidhani alikuwa fundi wa kuandika.

Watu wanafikiri walikufa sana kwa mishale ya wenyeji, hapana, magonjwa ndo yaliwamaliza, kipindupindu kikiwa mbele. Walichota maji palepale walipochimba vyoo vya jana na hakuna aliyekuwa anajua, hata kule London daktari John Snow alikuja kuonyesha kwamba ugonjwa unatoka kwenye maji mwaka 1854. Mtu anaamka mzima, jioni anazikwa. Mama alishawahi kulazwa kambi ya kipindupindu, alitundikiwa dripu siku mbili akaamka. Alisimama pale kaburini muda mrefu mno mpaka mapacha wakaanza kurushiana mawe, akasema tu, "Huyu angalau wameandika."

Sikuelewa siku ile.

Siku ya 3: Scottsbluff mpaka Casper, Wyoming

Hii ndo siku niliyoisubiri. Guernsey, Wyoming, kuna mahali njia ilipita juu ya mwamba laini wa mchanga na magurudumu yale ya chuma, gari baada ya gari, miaka na miaka, yakachimba mfereji kwenye jiwe. Kuna sehemu umefika futi 5, mita moja na nusu. Siyo picha, siyo sanamu, ni jiwe lenyewe limelika. Mama ni mfupi, aliingia mle ndani kuta zikamfika kifuani, akawa anatembea polepole anapitisha kiganja ukutani kama mtu anayepapasa kitenge dukani. Mke wangu ambaye hizi habari alishazichoka naye akanyamaza. Kulwa akaniuliza baba hawa watu walikuwa wanakwenda kazini? Sikuwa na jibu la haraka.

Mama akapima kwa hatua upana wa gurudumu mpaka gurudumu. "Walibeba vitu vizito mno hawa." Na ni kweli, karibu na ngome ya Fort Laramie, maili chache nyuma, watu walikuwa wanatupa vitu njiani kupunguza mzigo, majiko ya chuma, masanduku, samani, mpaka nyama. Mama likamgusa hilo la majiko kuliko yote. "Waliacha *jiko*?" Kaniuliza mara mbili.

Sasa. Tukatoka Guernsey saa saba mchana, jua lile la Wyoming lisilo na kivuli, na hatujafika nusu ya safari kiyoyozi kikatoa mlio kama paka amekanyagwa, halafu hewa ya moto. Nikazima nikawasha. Hewa ya moto. Nikafungua madirisha, vumbi na kelele. Nataka niseme ukweli hapa maana nimejisema sana kwamba tumezoea raha: nilihesabu, ilichukua dakika 25 kabla ya mtu wa kwanza kulia. Na hakuwa pacha, alikuwa mke wangu, alilia kwa hasira, akasema baba Kulwa wewe si ulitaka kuishi kama 1847, haya.

Fundi tuliyempata Casper alisema kompresa imekufa, kifaa kitafika baada ya siku nne. Siku nne! Nikafanya uamuzi kama baba wa familia kwamba tunaendelea hivyohivyo. Uamuzi huu haukupigiwa kura.

Moteli ya usiku ule ilikuwa na kiyoyozi cha dirishani kinanguruma kama jenereta ya sinema, na sijawahi kupenda kelele namna ile. Mama alikaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki, kanga mabegani, macho kafumba.

Siku ya 4: Independence Rock mpaka karibu na South Pass

Asubuhi tumetoka mapema kukwepa jua. Independence Rock ni jiwe kubwa la mviringo kama kobe amelala, ukilizunguka ni zaidi ya maili moja, liko peke yake nyikani. Kanuni ya wasafiri ilikuwa uwe umefika hapa ifikapo Julai 4, ukichelewa theluji itakukuta milimani. Waliandika majina yao juu yake, wengine wakachonga, wengine wakapaka grisi ya ekseli, na mengi bado yanasomeka. Mapacha walipanda mpaka juu. Nilitegemea watauliza maswali ya historia, wakauliza kama kuna mtandao.

Nilikuwa nawasomea kibao cha maelezo nikakwama kwenye neno. Hawa watu kwa Kiswahili ni nani? Kamusi itakupa walowezi. Nikasema walowezi, mama akageuka, "Walowezi kama wa Kenya?" Nikasema, e, kwa namna fulani kama wale mama, maana hii ardhi yote tuliyopita ilikuwa na wenyewe, Pawnee, Lakota, Cheyenne, Shoshone, na mwanzoni wengi wao walifanya nao biashara na kuwavusha mito, halafu magari yakazidi, nyasi zikaisha, nyati wakaisha, magonjwa yakaingia, mikataba ikaandikwa na kuvunjwa. Kwetu neno hilo halina sifa nzuri na sikuona sababu ya kulisafisha. Ila ukisimama mbele ya jina la mtu limechongwa na msumari, unaona pia kwamba alikuwa amechoka. Vyote viwili vipo.

South Pass ndo mlango wa kuvukia milima ya Rockies, uko mita 2,259 juu ya bahari lakini ni mpana na umelala kiasi kwamba wasafiri wengi hawakujua wameshavuka mpaka walipoona maji ya kijito yanaelekea upande mwingine. Hapo mwaka 1836, Julai 4, walipita Narcissa Whitman na Eliza Spalding, wazungu wanawake wa kwanza kuvuka. Na hapo jirani, kwenye eneo la kambi, nikatoa hema langu.

Nimeona nyuso zao. Lakini moto uliwaka vizuri, tulikula ugali na samaki wa kopo, na mama kwa mara ya kwanza akafungua kile kimfuko, akachemsha michembe kwenye sufuria, mapacha wakala wakaomba tena. Nikamwambia mama si unaona, maisha haya yana raha yake. Ndo akaanza kusimulia, na mimi mtoto wake wa nne nilikuwa sijawahi kuisikia hii.

Alikuwa na miaka minane walipohama Meatu kwenda Geita. Malisho yalikuwa yamekwisha, ng'ombe wanakonda. Baba yake na wajomba walitangulia na mifugo wakizunguka kusini, wanawake na watoto wakafuata na punda na mkokoteni. Geita ilikuwa pori, mbung'o kila mahali, walikuta wenzao wanafyeka msitu ili mbung'o waondoke. Kwenye mkokoteni kulikuwa na mdogo wake, wa kiume, hajaanza kutembea. Aliugua tumbo njiani. Walimzika pembeni ya njia jioni, bibi yao akaweka miiba mingi juu kwa ajili ya fisi, asubuhi wakaendelea. "Hatukuandika. Nani angeandika? Nilivyokuwa mkubwa nilipita na basi mara nyingi, naangalia dirishani, sipajui."

Hapa huku walikuwa wanazika katikati ya njia halafu wanapitisha magari juu ili mbwa mwitu wasinuse. Nilikuwa nimesoma hilo, nilikuwa nimepanga hata kuwaelezea. Sikusema.

Mke wangu akaongeza kuni. Baada ya muda Doto akauliza, bibi, mlikuwa majasiri? Mama akasema, "Tulikuwa na njaa ya nyasi."

Usiku baridi ilishuka vibaya. Godoro la upepo likaanza kutoa upepo, mgongo ukagusa mawe, na nje kitu kinakwaruza sufuria. Saa tisa nikashindwa, nikatoka na blanketi kwenda kwenye van nijiegeshe kidogo. Nakuta vioo vina ukungu, injini inanguruma, hita ya siti imewashwa, ndani yumo mama, mke wangu, Kulwa na Doto, wote wamelala. Hawakubakiza nafasi. Nilikuwa nimelala mle hemani peke yangu tangu saa sita.

Siku ya 5: mpaka Pocatello, Idaho

Sina mengi. Mgongo unauma. Farson, kijiji kidogo katikati ya nyika kavu kabisa, kinajulikana kwa aiskrimu kubwa kuliko kichwa cha mtoto, tumenunua tano. Soda Springs maji ya gesi yanatoka ardhini yenyewe, wasafiri wa zamani walitia sukari wakanywa kama soda, mapacha waliona hilo ndo jambo la maana pekee safari nzima. Joto. Madirisha wazi. Mke wangu amefunga kichwa kitambaa kilicholowa na hazungumzi nami isipokuwa kuhusu mambo ya barabara.

Siku ya 6: Pocatello mpaka Baker City, Oregon

Three Island Crossing, pale Glenns Ferry, ndo pabaya palipokuwa kuliko pote. Mto Snake una visiwa vitatu, wakawa wanaruka kutoka kisiwa mpaka kisiwa, magari yamefungwa pamoja yasisombwe. Ukivuka unapata njia fupi yenye majani na maji. Ukiogopa unabaki upande wa kusini, jangwa tupu. Wengi waliwapa Washoshone nguo na risasi wawaongoze kwenye kina, na wengine walizama hivyohivyo na ng'ombe wao. Mwaka 1869 kikaletwa kivuko na watu wakaacha kuogelea.

Mama aliposikia neno kivuko akasogea kwenye ukingo.

Akanihadithia kwamba nikiwa na mwaka na nusu nilipata homa ya kupoteza fahamu, dispensari wakasema Mwanza, wakafika Busisi usiku kivuko kimelala upande wa pili. Wakasubiri mpaka asubuhi. Maji yako palepale, taa za ng'ambo unaziona, mtoto anakakamaa mkononi, na huwezi kufanya kitu chochote. Alikuwa anachovya kanga ziwani ananifuta. "Ulikuwa wa moto mpaka kanga inakauka." Sasa hivi pale kuna daraja la kilomita tatu, Kigongo–Busisi, limefunguliwa 2025, yeye amelipita kuja uwanja wa ndege. Nikamuuliza ulijisikiaje mama ukiwa juu. Akasema dereva alikuwa anakwenda kasi mno hakuona kitu, halafu akasema alilia kidogo, ila ni kwa sababu ya upepo.

Mi nilikuwa nimelipenda lile bango la Glenns Ferry, mchoro wa magari majini, mawingu, kishujaa kabisa. Nikarudi nikaliangalia tena. Kwenye gari la nyuma mchoraji ameweka mwanamke amekumbatia kitu, sikuwa nimemwona mara ya kwanza.

Mchana ule joto lilipita 38. Nilimpa mama chupa ya maji ya barafu kila saa, akawa anaiweka shavuni kabla ya kunywa.

Siku ya 7: mpaka Oregon City

Tumevuka Blue Mountains asubuhi, hewa ya misonobari, hata mke wangu kanisamehe nusu. Kuanzia mji wa The Dalles, wa zamani walifumua magari wakayapakia kwenye maboya ya magogo kushuka mto Columbia, mpaka 1846 Sam Barlow alipofungua njia ya kuzunguka mlima Hood, akawa anatoza dola 5 kwa gari na senti 10 kwa kila mnyama. Umetembea maili elfu mbili, umezika watu, halafu mwishoni kabisa unakutana na geti la kulipia! Hapo mimi kama dereva wa lori nilijisikia nipo na ndugu zangu.

Oregon City ndo mwisho. Nilidhani nitafurahi zaidi. Lakini nilikuwa nimeshasoma kilichokuwa kinatusubiri sisi hapa: mwaka 1844 serikali ya muda ya Oregon ilipitisha sheria ya kuwafukuza watu weusi, anayekaidi achapwe viboko. Ya viboko ilifutwa kabla ya kutumika, ila marufuku yenyewe iliingia mpaka kwenye katiba ya jimbo, ikatolewa 1926. George Bush, siyo yule rais, mtu mweusi mwenye pesa zake, alifika na kundi lake 1844 akakuta habari hiyo. Maili zote zile. Wenzake wakakataa kumwacha, wakaenda naye kaskazini ng'ambo ya Columbia ambako sheria haikuwa na nguvu, wakaanzisha makazi karibu na Tumwater ya leo. Alilima vizuri mno, na wageni wapya wakifika wamechoka aliwapa nafaka. Bunge la Marekani lilitunga sheria maalum 1855 ili amiliki shamba lake mwenyewe. Yule ndo niliyekuwa namtafuta safari nzima na hakuwa amefikia hapa nilipoegesha van.

Jioni moteli, mara ya kwanza siku saba tumechukua vyumba viwili. Mama aliingia kuoga akakaa muda mpaka nikagonga mlango, mama uko salama? Akajibu kwa ndani, "Haya maji ya moto yanaisha saa ngapi?" Nikamwambia hayaishi. "Basi niache."

Alivyotoka nikamsimulia ya mwisho, ya Ezra Meeker. Huyu alipita njia hii 1852 akiwa kijana, na mke na mtoto mchanga. Uzeeni, 1906, akarudi na gari la maksai kuweka alama ili njia isisahaulike, nchi nzima ikamshangilia mzee na ng'ombe wake. Na mwaka 1924, ana miaka 93, akapanda ndege ya jeshi akaipita njia ileile kwa juu.

"Alipata ndege akapanda?"

Alipanda mama.

"Huyo mzee alikuwa na akili."

Asubuhi mke wangu alikuwa ameshakata tiketi nne, Portland mpaka Kansas City, yake, ya mapacha na ya mama. Nimewashusha uwanjani saa nne. Mama alirudi mbio dirishani nikadhani amesahau dawa, kumbe ananiletea kile kimfuko, kimebaki kama robo. Mpaka saa hizi naandika niko sheli moja karibu na Boise, nyuzi 37, mlango wazi, na michembe hii ukiitafuna mikavu inachukua maili karibu kumi kipande kimoja.